Nyuzi Kumi na Mbili na Salamu za Mutinda

Sijatunga. Najua kila mwenye kisa cha aina hii huanza kwa kuapa, na nyinyi mnacheka kimoyomoyo mkingoja pale pa kutisha. Chekeni tu. Lakini mimi nina jambo moja ambalo waongo hawana. Kuna siku niliambiwa nikubali kwamba kisa hiki ni uongo, nami ningepata kitu nilichokitaka kuliko vyote duniani. Neno moja tu: nilidanganya. Nilifungua mdomo, likakataa kutoka. Sasa niambieni, nani hushikilia uongo kwa hasara ya namna hiyo?

Basi sikilizeni, na msingoje usiku wa manane wala bundi. Huyu wangu alinijia saa saba mchana, Kibwezi, jua likiwaka mpaka kuku wamejificha chini ya malori.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mtu wa Kilungu, kazi yangu gitaa. Zamani tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu Musyoka, tukipiga kwenye harusi na kwenye baa za barabara ya Mombasa. Yeye alitangulia, mimi nikafuatia. Kisha Musyoka akapata kazi bandarini, akaenda zake. Nikabaki peke yangu. Jamani, gitaa moja kwenye harusi ya Wakamba ni aibu tupu! Watu wanakutazama wakidhani bado unamngoja mwenzako afike ndipo uanze. Baba yangu, mzee wa kanisa, alifurahi sana, akijua sasa nitaacha mambo ya dunia. Sikuacha. Ila upweke ule nilikuwa narudi nao nyumbani kila jioni. Sikuwa na mke, sikuwa na mchumba, na sasa hata muziki wangu ulikuwa nusu.

Karibu na kwetu kulikuwa na shule ya sekondari, na katika shule hiyo mwalimu mmoja wa kujitolea, Mmarekani kijana, mwenye gramafoni. Siku moja alinichezea santuri ya mzee mweusi wa kwao, muziki wa huzuni wanaouita bluzi. Mzee anaimba, anapiga, na nyuma yake nasikia mtu mwingine anamfuata unyounyo, hamwachi hata hatua moja. Nikauliza, huyo mwingine ni nani? Mwalimu akacheka. Hakuna mwingine, akasema. Ni gitaa la nyuzi kumi na mbili. Nyuzi hukaa mbili mbili, kila uzi na mwenzake ubavuni, na kidole kimoja huzigusa pamoja.

Kila uzi na mwenzake. Nawaambia kweli, nilitembea kurudi nyumbani nikiyarudia maneno hayo. Nililitaka gitaa hilo kuliko chakula.

Miezi ikapita, ndipo nikasikia kwamba Kibwezi kuna mfanyabiashara, Mzee Kariuki, aliyekuja kutoka upande wa Nyeri, anauza vitu vya Wazungu waliokuwa wakifungasha kurudi kwao. Viti, redio, vitanda vya chuma, na magitaa mawili yenye vichwa virefu isivyo kawaida. Niliposikia vichwa virefu sikungoja kuambiwa mengine. Gitaa lenye nyuzi nyingi lazima liwe na kichwa kirefu cha kuzikazia.

Mzee Kariuki aliyaweka yote mawili juu ya meza barazani, akaniambia nichague bila haraka, akaingia ndani kula chakula chake cha mchana. Moja lilikuwa jekundu, linang'aa, limepambwa kwa urembo mweupe kuzunguka tundu. La pili lilikuwa la kahawia, rangi yake imepasukapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Mkono wangu ulienda kwa jekundu. Wako usingeenda?

"Hiyo ilishakufa," sauti ikasema kwa Kikamba.

Nikageuka. Mwishoni mwa baraza, juu ya gunia, alikuwa ameketi kijana mdogo kuliko mimi, labda miaka ishirini na miwili. Alivaa kaptura ya kaki iliyofika magotini, shati la kaki lenye mifuko, na miguu ameifunga vitambaa vya sufi kutoka kifundoni mpaka chini ya goti. Nikadhani ni bawabu aliyerithi nguo za baba yake. Viatu vyake vilikuwa na tope jeusi, bichi, na jani la kijani limenasa kwenye kamba. Kibwezi haikuwa imeona tone la mvua tangu mwezi wa tano. Nililiona tope lile kama mtu anavyoona kifungo kimekatika kwenye shati la mwenzake. Unaona, unasahau.

"Imekufaje?" nikauliza.

"Ilete kwa jicho, vile fundi anaangalia mbao. Umeona shingo? Imepinda. Hizi nyuzi zikiwa kumi na mbili zinavuta kama ng'ombe wa jembe. Mtu alizikaza juu kama gitaa ya kawaida, ikavunjika moyo. Sasa papasa hapo chini, mahali nyuzi zinafungwa."

Nikapapasa. Ubao ulikuwa umefura kama tumbo la mtoto mwenye minyoo. Nikaliweka chini lile jekundu, nikashika la kahawia. Akaniambia nibonyeze uzi kwenye kijiti cha chuma cha kwanza cha shingo na kile cha mwisho, kisha nitazame katikati. Kulikuwa na nafasi ya kupita ukucha. Shingo ilinyooka vizuri.

"Hiyo ni mzima," akasema. "Sura yake mbaya ndiyo imeiokoa. Hakuna mtu aliitesa."

Hebu fikirini. Mtu wa kukaa juu ya gunia Kibwezi, mambo haya ameyajulia wapi? Nilimwuliza. Akasema alijifunza jeshini, nchi ya mbali, msituni, ambako askari weusi wa Amerika walikuwa wakitengeneza barabara. Mmoja wao alikuwa na gitaa kama hilo. Jioni walikaa pamoja chini ya turubai, hawaelewani lugha, wanaelewana vidole.

"Mvua ya huko, ndugu yangu, haikatiki," akasema. "Mpaka leo sijakauka."

Je, nilihesabu miaka? Nilijiuliza ni vita gani hiyo na yeye ni mdogo kwangu? Sikujiuliza kitu. Ukiwa na gitaa jipya mapajani hesabu hupotea.

Nyuzi zilizokuwamo zilikuwa kutu tupu. Dukani kulikuwa na pakiti za nyuzi za gitaa la kawaida, sita sita, nikamfuata Mzee Kariuki huko ndani, akanipa tatu, tukaelewana bei. Yule kijana akanipangia. Jozi mbili za sauti ya juu, weka uzi na pacha wake, sawasawa. Jozi nne za chini, kila uzi mnene upe mwenzake mwembamba anayeimba juu yake. Jozi ya tatu ndiyo yenye taabu, kwa sababu ule uzi wake mwembamba hukatika upesi kuliko zote. Ukikatika na uko mbali na duka, akasema, fungua waya wa breki ya baiskeli, utoe unywele mmoja tu. Na siku zote, siku zote, gitaa lishushwe sauti mbili chini ya magitaa mengine.

"Itakuwa nzito," nikasema. "Haitalingana na za wenzangu."

"Una wenzako wangapi?"

Nikashika uzi uliofuata.

"Basi ishushe. Hii si gitaa ya kushindana. Ni ya kuongea na mtu ako mbali."

Kitu kimoja niliking'amua baadaye sana. Kwa saa nzima tuliyokaa, hakuligusa gitaa hata mara moja. Nilimnyooshea mara mbili. Mara zote alirudisha mikono nyuma, akasema, "Shika wewe. Yangu ina maji." Na macho yake, jamani, macho yake yalikuwa yanalitazama gitaa lile vile mtu mwenye njaa hutazama sufuria ya jirani.

Nilipomaliza kufunga nyuzi alinifundisha wimbo, kwa maneno tu. Weka kidole hapa. Sasa hapo. Teremka. Ulikuwa wimbo wetu, wa Kikamba, niliweza kusikia hivyo, lakini aliupitisha kwenye njia ya yule mzee wa santuri, sauti zinapinda na kulia. Gitaa likaitika. Niamini, nilisikia watu wawili, na mmoja hakuwa mimi. Nililia machozi hapo barazani, mtu mzima.

Ila wimbo ulikuwa na kasoro. Kwenye mstari wa tatu, katikati, unakatika. Kimya. Halafu unaendelea. Mimi mpiga harusi, kimya siwezi kukivumilia, nikakijaza kwa vidole viwili vitatu.

"Usijaze hapo," akasema, na kwa mara ya kwanza alikuwa mkali. "Hapo ngojea."

"Ningojee nini?"

"Ngojea tu. Utajua ikitosha."

Nikangojea. Kisha akaniuliza ninaelekea wapi, nikamwambia wiki inayofuata nina harusi Kitui. Uso wake ukabadilika. Akasema yeye ni wa Tulia. Kwao ni nyuma ya soko, boma lenye ua wa minyaa na ghala mbili. Jina lake Mutinda.

"Mwaitu alinitafutia mke," akasema. Mwaitu ni mama yetu kwa Kikamba. "Akamleta nyumbani nikiwa huku. Sijawahi kumwona. Ningeenda, lakini huwa nafika hapa tu. Hapa ndipo nilipandia gari la moshi."

Sikushangaa. Ni vijana wangapi walio kazini mbali wakaletewa mke na mama zao? Nikamwonea huruma tu.

"Pita nyumbani," akasema. "Mpigie mwaitu huu wimbo, na usijaze pale. Na mke wangu umpe salamu. Mwambie kwamba mwalimu akiita watoto shuleni, akitaja jina langu baada ya jina lao, mimi nasikia. Kila asubuhi nasikia."

Gari la moshi likapiga honi stesheni. Nikainama kidogo tu kulegeza uzi mmoja. Nilipoinua kichwa, juu ya gunia hapakuwa na mtu. Kwenye saruji, kutoka guniani mpaka ukingo wa baraza, kulikuwa na nyayo za maji, na jua lilikuwa linazifuta moja baada ya moja.

Mzee Kariuki akatoka akijipangusa mdomo. "Nani amemwaga maji hapa na maji yenyewe hakuna?" akauliza. Nikamlipa, nikaondoka na gitaa langu.

Wiki iliyofuata, baada ya harusi, nilienda Tulia. Boma nililipata bila kuuliza. Mwanamke wa miaka kama thelathini alikuwa anaanika nguo juu ya minyaa, mrefu, kitambaa cha bluu kichwani. Mlangoni mama mzee alikuwa anapukuchua mbaazi kwenye kibuyu kilichokatwa. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, na yule wa kitambaa akaniletea kigoda cha miguu mitatu. Nikaketi. Nikasema nimetumwa na mwenye boma.

"Mwenye boma gani?" mwanamke akauliza.

"Mutinda. Tulikutana Kibwezi. Anakusalimu."

Nguo aliyokuwa ameishika ilianguka. Akanitazama kwa chuki ambayo sijawahi kutazamwa nayo tena maishani.

"Rudi kwa hao walikutuma," akasema, "uwaambie huu mchezo umezeeka. Miaka kumi na tatu wananicheka. Wamechoka kunicheka sokoni, sasa wananiletea mtu na gitaa mpaka nyumbani?"

"Mama, mimi sielewi..."

"Mutinda alikufa kwa vita ya Wazungu, huko Burma, nikiwa bado nanyonya. Mwili haukurudi. Sasa umeelewa?"

Niseme kwa wale wasiojua desturi zetu. Mama aliyepoteza mtoto wa kiume kabla hajaoa anaweza kuoa mke kwa jina la huyo mtoto. Anapeleka mbuzi na ng'ombe, anamleta msichana nyumbani, na watoto watakaozaliwa, hata baba yao wa damu awe nani, ni watoto wa yule marehemu. Jina lisife, ndiyo maana yake. Mke huyo tunamwita iweto. Mbithe, ndilo jina la yule mwanamke, aliletwa hivyo akiwa msichana. Alikuwa na watoto watatu, wote wakiitwa kwa jina la Mutinda. Lakini maneno ya watu hayana huruma. Wengine walimwita mke wa hewa. Kanisani kwao walimhesabu mwanamke aliyezaa bila ndoa, hakupewa meza ya Bwana, na alikaa benchi la nyuma kila Jumapili.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilichoelewa ni kwamba niliyeongea naye Kibwezi mchana kweupe alikuwa marehemu. Nikafanya kitu pekee ninachojua kufanya. Nikatoa gitaa kwenye gunia, nikapiga.

Mama mzee hakuinua uso. Mstari wa kwanza, anapukuchua. Wa pili, anapukuchua. Nikafika wa tatu, pale pa kukatika, nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Na yule mama akaacha mbaazi, akainua kichwa, akaisogeza shingo yake kulia, kisha nyuma kidogo, polepole, kama mtu anayeuweka sawa mkanda wa mzigo kwenye paji la uso. Kisha akatulia. Nami nikajua imetosha, nikaendelea.

Nilipiga mpaka mwisho. Mama mzee akaanza kusema, taratibu, bila kututazama. Zamani alikuwa akiteka maji kwenye mchanga wa mto, anabeba mtungi mgongoni, mkanda kichwani, na kijana wake anamfuata nyuma. Huo ndio wimbo aliouimba njiani. Kwenye mwinuko wa ukingo mzigo huteleza, kwa hiyo kila siku, mahali palepale, alinyamaza, akauweka sawa mkanda, akaendelea. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua wimbo huo na mahali pake pa kunyamaza. Ni mmoja tu aliyekuwa akitembea nyuma yake.

"Alikuwa amekula?" akaniuliza.

"Sijui, Susu," nikasema, kwa maana tayari alikuwa bibi yangu. "Hakuniambia."

"Na viatu? Alikuwa na viatu?"

"Alikuwa navyo. Vilikuwa na tope."

Akatikisa kichwa, akarudia mbaazi zake, machozi yanadondokea kibuyuni.

Mbithe ndiye aliyebaki amesimama. Akanisogelea. "Alisema nini juu yangu? Sema vile alisema."

"Alisema, mke wangu umpe salamu."

"Alisema mke wangu?"

"Mke wangu."

"Kwa mdomo wake?"

Akanifanya nirudie mara tatu. Ndipo nikampa ule ujumbe wa shuleni, wa majina kuitwa asubuhi na yeye kusikia. Akakaa chini kwenye vumbi, akajifunika uso kwa leso, akalia mpaka nikaona haya kuwepo. Baadaye alioga, akabadilisha nguo, akachinja kuku. Jumapili iliyofuata, nilisimuliwa, aliingia kanisani akaenda kuketi benchi la mbele, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.

Nilirudi Tulia Krismasi. Nikarudi Pasaka. Nilijiambia ni Susu anataka wimbo wake, na kweli alikuwa anautaka. Lakini nilikuwa namdanganya nani? Nilirudi kwa sababu Mbithe alikuwa anacheka akiwa amefunika mdomo kwa mkono wenye unga. Nilirudi kwa sababu aliniwekea kando kikombe changu, chenye sikio lililovunjika, na hakumruhusu mtoto kukigusa. Nilimsaidia kuezeka ghala. Nilimfundisha mwanawe mkubwa hesabu. Miaka ikawa mitatu, minne, sita. Nikiwa Kilungu nilipiga gitaa lile nikasikia wawili, na kila nilipoliweka chini nikawa mmoja. Nilimpenda, basi. Nilimpenda mpaka nikakonda.

Susu alipozidi kuzeeka nilijipa moyo. Mchana mmoja, Mbithe yuko ghalani anapepeta mtama, nilimwambia nataka aje Kilungu na watoto wake, tuoane kanisani, mbele ya watu. Hakuacha kupepeta. Alipepeta mpaka ungo ukabaki safi.

"Ungekuja bila ile gitaa," akasema, "ningekuja mbio. Mimi nilikuwa mke wa jina tu, nani angenilaumu? Hata Susu angenielewa. Lakini ulikuja ukaniambia ana viatu. Ukaniambia ananiita mke wake. Sasa mimi ni mke wa mtu. Na shahidi ni wewe."

Niliinama nikaokota punje za mtama zilizomwagika.

Akaweka ungo chini, akanikabili. "Basi sema ulidanganya. Sema hiyo wimbo ulifunzwa na mtu wa huku, hiyo ingine ukaongeza mwenyewe. Sema tu hivyo, nitafunga nguo zangu leo. Nitakuja. Naapa."

Haya. Nyinyi mnaosema nimetunga, hapo mngefanya nini? Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilikuwa nimechoka kulala peke yangu. Nilifungua mdomo niseme. Ndipo nikaona mikono yake. Alikuwa ameushika upindo wa leso kwa mikono miwili, ameukaza mpaka vidole vimekuwa vyeupe, kama mtu anayengoja kupigwa. Nikaelewa kwamba angekuja kweli. Angekuja Kilungu, angenipikia, angenizalia, na angekuwa tena yule mwanamke wa benchi la nyuma aliyechekwa kwa mume wa hewa, na safari hii aliyemcheka ni mimi.

"Nilimwona, Mbithe," nikasema. "Kama ninavyokuona wewe."

Akashusha pumzi ndefu. Mikono ikalegea. "Asante," akasema, akaenda kuniwekea chai katika kile kikombe changu.

Sasa ni miaka mingi imepita. Susu tulimzika, nami nilimpigia wimbo wake kaburini, mchungaji akikunja uso. Mbithe ni bibi wa wajukuu. Sijaoa. Gitaa ni lilelile la kahawia, bado liko sauti mbili chini, na jozi ya tatu ina unywele wa waya wa breki. Kila mwaka mbaazi zikikauka naenda Tulia, naketi mlangoni, napiga. Nikifika mstari wa tatu nangojea. Mbithe naye huacha alichokishika, anaisogeza shingo kulia, kisha nyuma kidogo, vile alivyokuwa akifanya mama mkwe wake. Na katika kimya hicho, kiangazi kikiwa kikali namna gani, hunuka tope bichi. Wajukuu hutoka nje kutazama kama mvua imekuja. Yeye hunyoosha nguo yake magotini na kuangalia njia ya sokoni. Mimi humwangalia yeye.

Kwa hiyo chukueni ya kwangu, nyinyi vijana mnaotafuta magitaa ya nyuzi kumi na mbili. Msichague linalong'aa. Tazameni shingo. Lishusheni. Na ikiwa mtu mwenye tope bichi viatuni wakati wa kiangazi atawatuma salamu kwa mke wake, zipelekeni zote, msibakize neno, kwa sababu mahali fulani kuna mtu amezingoja maisha yake yote. Lakini zitoeni mkiwa mmesimama getini, kisha mgeuke mwende zenu. Mkiletewa kigoda, mkatae.

Mimi niliketi.